Uvira: Mto, Ziwa na Milima ya Kutembelea

Kila dini ina mahali ambapo watu wake hupenda kwenda. Wahindu wa India wana mji wa Haridwar, mahali mto Ganga unapotoka milimani na kuingia katika nchi tambarare. Jina lake maana yake ni Mlango wa Mungu. Jioni watu hukusanyika kwenye ngazi za mto, huwasha taa ndogo na kuoga kwa imani kwamba maji hayo huondoa dhambi. Kutoka hapo wengi hupanda hadi Rishikesh, kisha milima ya Himalaya yenyewe.

Sisi wa Uvira hatuabudu mto. Lakini mji wetu nao umekaa mahali pa namna hiyo: milima ya Mitumba nyuma, ziwa Tanganyika mbele, na mto Ruzizi upande wa kaskazini. Ndugu kutoka parokia nyingine hutuuliza mara kwa mara: tukija kwenu, tutaona nini? Tunajibu hapa.

Mto na ziwa

Ruzizi hutoka ziwa Kivu, karibu na Bukavu, kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi. Hushuka kwa nguvu katika mabonde membamba, hupita Kamanyola, kisha hutulia katika tambarare ya mpunga, mihogo na ng'ombe hadi ziwa letu, lililo kwenye mita 770 hivi. Mwezi wa 11 mwaka 1871, Livingstone na Stanley walifika kwa mtumbwi mpaka mdomo wa mto huu. Walitaka kujua kama maji yanatoka ziwani kwenda Nile. Wakakuta mto unaingia ziwani.

Kwenye mdomo wa Ruzizi kuna viboko na mamba, kwa hiyo mgeni asishuke majini bila kuuliza wavuvi. Ziwa lenyewe lina kina cha mita 1,470 hivi, na katika Afrika hakuna linalolishinda kwa kina. Asubuhi nenda pwani uone mitumbwi ikirudi na ndagala na mikeke. Hali ya hewa ikiwa safi, utaiona Bujumbura ng'ambo.

Makanisa yetu mengi hubatiza katika ziwa hili. Watoto hutuuliza kama maji yake ni matakatifu. Tunawakumbusha habari za Namaani: alidharau Yordani kwa sababu kwao Dameski kulikuwa na mito mizuri zaidi. Aliponywa kwa kutii neno la Mungu, na maji ya Yordani yalikuwa maji kama mengine. Hata hivyo, maji yasiyo mungu si kitu cha kuchezea. Ni mali ya Muumba, na sisi tumekabidhiwa.

Milimani

Ukiacha barabara kuu ya tambarare na kupanda upande wa magharibi, unafika Lemera. Wamisionari wa kipentekoste kutoka Sweden na Norway walifika katika Kivu mwaka 1921, na kazi yao ilizaa jumuiya tunazoziita leo CEPAC na CELPA. Hospitali ya Lemera ni tunda la kazi hiyo. Hapo ndipo daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji, alianza kazi yake, na hapo aliona jinsi akina mama walivyokuwa wakifa katika kuzaa. Tarehe 6 mwezi wa 10 mwaka 1996, watu wenye silaha waliishambulia hospitali, wakaua wagonjwa vitandani na wauguzi. Mwaka 2018 Mukwege alipewa tuzo ya Nobel ya Amani. Anayepanda Lemera aende kwa heshima, kama mtu anayeingia nyumba yenye msiba.

Juu zaidi ni milima ya Itombwe, inayopita mita 3,000, yenye msitu na malisho na baridi ambayo mtu wa Uvira haijui. Huko usalama hubadilika. Usiende kabla ya kuuliza wachungaji wa mahali na wakubwa wa serikali.

Mlima unaposhuka mjini

Mwezi wa 6 mwaka 2013, mvua kubwa na maporomoko katika milima ya juu ya Ganga viliua maelfu ya watu, wengi wao wakiwa mahujaji. Sisi tunalielewa jambo hilo. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa 4 mwaka 2020, mto Mulongwe ulishuka na mawe na matope, ukabomoa nyumba na kuua makumi ya watu hapa Uvira.

Mvua hatuwezi kuizuia. Lakini mlima uliovuliwa miti kwa ajili ya makaa na mashamba haushiki maji, na nyumba iliyojengwa kwenye njia ya mto hungoja tu siku yake. Takataka tunazotupa mtoni hushuka mpaka ziwa lile lile tunalobatizia, na wasio na bomba hunywa humo humo. Kolera imekuwa mgeni wa kila mara katika mji wetu. Mtu anayeuita mto wake mama na bado anauchafua, na sisi tunaomwita Mungu Muumba na bado tunachafua kazi yake, tuna hesabu moja ya kutoa.

Kwa anayekuja

Njoo kati ya mwezi wa 6 na wa 8, wakati wa kiangazi, barabara zikiwa kavu. Ukitoka Burundi utapita Gatumba na kuingia kwa Kavimvira. Beba hati zako zote. Kunywa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Na ukitaka kutuachia kumbukumbu, uliza kanisa litakalokupokea kama lina miche. Panda mti mmoja kwenye mteremko juu ya mji, na umwachie mtu wa kuumwagilia. Karibuni Uvira.