Namba za Ubavuni mwa Boksi la Lenzi

BC 8.6. DIA 14.2. PWR −4.75. Maandishi kama haya ndiyo anayokutana nayo mtu aliyetoka Kibaha au Kisarawe kwenda Dar es Salaam kununua lenzi za macho, zile laini zinazovaliwa juu ya jicho lenyewe. Chini yake kuna alama ya kisaa cha mchanga na tarehe, kisha neno LOT na tarakimu zake. Wengi husoma namba moja tu, ile ya nguvu, wakalipa na kuondoka. Wanaacha nyuma habari muhimu kuliko waliyoichukua.

Kosa la kawaida huanzia kwenye cheti. Mtu aliyepimwa na kuandikiwa miwani hudhani karatasi ile ile inatosha kwa lenzi. Haitoshi. Kioo cha miwani hukaa kama milimita 12 mbele ya jicho, ilhali lenzi hugusa jicho, na umbali huo mdogo hubadili hesabu. Asiyeona mbali, ambaye miwani yake ni −5.00, kwa kawaida huhitaji lenzi ya −4.75, wa −8.00 hushuka hadi −7.25 hivi. Chini ya 4.00 tofauti ni ndogo mno kiasi cha kutohesabiwa. Alama iliyo mbele ya namba nayo si pambo: ya kutoa ni ya asiyeona mbali, ya kujumlisha ni ya mwenye shida ya kinyume chake.

Tena cheti cha miwani hakina kabisa BC wala DIA. DIA ni kipenyo cha lenzi kwa milimita, na lenzi laini nyingi huwa karibu na 14. BC ni mpindo wa upande wa ndani, ule unaolala juu ya konea, yaani kile kioo angavu cha mbele ya jicho. Nyingi huwa kati ya 8.3 na 9.0, na kadiri namba inavyopungua ndivyo lenzi inavyozidi kujikunja. Ni kama baraghashia: yenye saizi isiyo yako ama itakubana, ama itakuchezea kichwani. Tofauti ni kwamba kichwa huvumilia. Konea haina mishipa ya damu. Sehemu kubwa ya oksijeni yake huipata hewani kupitia machozi, na lenzi inayobana huzuia machozi yasipite chini yake. Ndiyo maana mpimaji makini humvalisha mteja lenzi ya majaribio, akamwambia apepese, kisha akachungulia kwa darubini yake kuona kama inasogea kidogo na kurudi mahali pake.

Mpindo huo huamuliwa lenzi inapotengenezwa. Otto Wichterle, mkemia wa Chekoslovakia, alifanikiwa kutengeneza lenzi laini nyumbani kwake wakati wa Krismasi ya 1961. Alitumia mashine aliyoiunda kwa vipande vya Merkur, mchezo wa watoto wa kujengea vitu, ikiendeshwa na dainamo ya baiskeli. Kasi ya mzunguko ndiyo iliyolipa tone la plastiki umbo lake.

Wenye astigmatizimu, ambao konea yao haikupinda sawasawa pande zote, hukuta namba mbili zaidi: CYL ni kiasi cha marekebisho, AXIS ni pembe yake kwa nyuzi. ADD huandikwa kwa waliovuka miaka 40 hivi na kuanza kusogeza gazeti mbali ili walisome.

Na zile lenzi za rangi zinazonunuliwa kwa ajili ya send-off na harusi? Nguvu yake inaweza kuwa 0.00, lakini BC ipo, na jicho la bibi harusi lina mpindo wake kama la mtu mwingine yeyote. Marekani iliamua kisheria mwaka 2005 kwamba lenzi zote, hata za urembo, ni vifaa tiba. Kuziuza pamoja na kucha na kope za bandia ni kuliweka jicho rehani, na kuazimana jozi moja ni hatari kubwa zaidi.

Kisaa cha mchanga kinaonyesha mwisho wa matumizi kwa pakiti ambayo haijafunguliwa. Lenzi ya mwezi ikishafunguliwa, siku 30 huanza kuhesabiwa hapo hapo, hata kama imevaliwa mara mbili tu. Namba 2 iliyokatwa kwa mstari maana yake ni kutumia mara moja na kutupa.

Kuna jambo ambalo kwa wakazi wa bonde la Ruvu lina uzito wake. Mtambo wa Ruvu Juu, pale Mlandizi, una uwezo wa kusafisha lita milioni 196 za maji kwa siku, na maji hayo yamebadili maisha Kibaha na Kisarawe. Lakini hata maji ya bomba yaliyotibiwa vizuri hayaoshi lenzi. Amiba aitwaye Acanthamoeba huishi kwenye maji na udongo duniani kote, na akijifungia ndani ya gamba lake huhimili klorini ya kawaida ya bombani. Akinasa kwenye lenzi huila konea. Tiba huchukua miezi, na wengine hupoteza uoni. Miaka ya 1980, wengi wa waliougua Marekani walikuwa wamejitengenezea maji ya chumvi nyumbani. Kwa hiyo maji ya Ruvu na sabuni ni ya mikono, nayo ifutwe kwa kitambaa safi mpaka vidole vikauke kabisa. Lenzi na kikopo chake huoshwa kwa dawa yake pekee, na dawa ya jana humwagwa, haiongezewi. Kijana anayeripoti kambi ya JKT Ruvu, penye vumbi na maji ya pamoja, afadhali abebe miwani.

Jicho likiwa jekundu, likiuma au likiogopa mwanga, lenzi itolewe siku hiyo hiyo, na mwenyewe awahi hospitali, kama vile Tumbi pale Kibaha. Asiitupe. Aende nayo ndani ya kikopo chake, pamoja na boksi: maabara inaweza kutafuta vimelea kwenye lenzi hiyo, na namba ya LOT itaonyesha ilitoka toleo lipi kiwandani.