Karteli za bei huvunjwa na watu wa ndani

Mfugaji anayenunua chakula cha kuku hana njia ya kujua kama bei aliyotajiwa imetokana na soko au na mapatano ya siri. Kuanzia 1992 hadi 1995, wafugaji wa nchi nyingi waliumizwa na mapatano ya aina hiyo.

Bidhaa yenyewe ni laisini, kirutubisho kinachochanganywa katika chakula cha kuku na nguruwe ili wakue haraka. Makampuni matano, yakiwamo Archer Daniels Midland (ADM) la Marekani na Ajinomoto la Japani, yalikubaliana kupandisha bei na kugawana soko. Katika miezi tisa ya kwanza bei ilipanda kwa karibu asilimia 70.

Wakuu wa makampuni hayo walikutana mahotelini, kuanzia Mexico City hadi Hawaii, kwa kisingizio cha mikutano ya chama cha wazalishaji. Kila kampuni ilitoa taarifa ya mauzo yake ya mwezi. Iliyouza kupita mgawo wake ilitakiwa kununua mzigo wa mwenzake mwishoni mwa mwaka.

Kukamata karteli ni kazi ngumu. Bei kufanana si ushahidi. Wauza nyanya wa soko moja nao huuza kwa bei moja bila njama yoyote. Mahakama hutaka kuthibitishiwa kuwa watu walikaa wakakubaliana.

Safari hii ushahidi ulitoka ndani. Mwishoni mwa 1992 Mark Whitacre, mmoja wa wakuu wa ADM, alitoboa siri kwa makachero wa FBI, kisha akarekodi vikao kwa zaidi ya miaka miwili. Mwaka 1996 ADM ilikiri kosa na kutozwa faini ya dola milioni 100, zikiwamo milioni 30 za karteli ya asidi ya sitriki. Whitacre naye alifungwa, kwani alikuwa akiiibia kampuni mamilioni.

Tangu 1993 Marekani huisamehe kampuni ya kwanza kujisalimisha, na Ulaya ikafuata 1996. Hapo kila mshirika huanza kumhofia mwenzake.

Tanzania inakataza kupanga bei kwa Sheria ya Ushindani ya 2003, na Kenya kwa sheria yake ya 2010. Mnunuzi anayeona wauzaji wote wakipandisha bei siku moja bila gharama kubadilika, au zabuni zikishindwa kwa zamu, hana hukumu mkononi. Anayo dalili inayostahili kufikishwa kwa wachunguzi.