Jicho Laona Mengi, Akili Yashika Machache

Mwaka 1960 mwanasaikolojia wa Marekani, George Sperling, alichapisha jaribio ambalo mpaka leo wanafunzi wa fani hiyo hufundishwa. Aliwaonyesha watu herufi 12, zilizopangwa katika mistari mitatu ya herufi nne nne. Zilikaa mbele ya macho yao milisekunde 50, yaani sehemu moja ya ishirini ya sekunde, kisha zikatoweka. Walipoulizwa wameona nini, walitaja herufi nne, wengine wakafika tano. Lakini walishikilia kwamba wameziona zaidi ya hizo, ila zilifutika walipokuwa wakizitaja.

Mtafiti mwingine angeyapuuza maneno hayo. Sperling aliyachukulia kwa uzito, akabadili swali. Safari hii, herufi zilipokwisha kuondoka, ulilia mlio: mwembamba ukimaanisha mstari wa juu, wa wastani mstari wa kati, mzito mstari wa chini. Hakuna aliyejua mapema ataulizwa mstari upi. Hata hivyo, mstari wowote uliodaiwa, walitaja kama herufi tatu kati ya nne. Kumbe mlio ulipolia, herufi tisa hivi zilikuwa bado zimo kichwani! Mlio ulipocheleweshwa sekunde moja, hazina ile ilikuwa imekwisha, wakarudi kwenye nne au tano zilezile.

Kwa hiyo taswira pana ya kile tulichokiona hubaki kitambo kidogo mno, na kinachosalimika ni kile tulichowahi kukizingatia. Mwaka 1997, Steven Luck na Edward Vogel waliipima akiba hiyo inayosalia. Walionyesha miraba ya rangi, wakaiondoa kwa muda usiofika sekunde moja, wakairudisha na kuuliza kama kuna uliobadilika. Miraba ikiwa mitatu, watu hawakukosea ila kwa nadra. Ilipozidi minne, makosa yaliongezeka. Wataalamu hawajakubaliana kama akili ina nafasi chache zenye idadi maalumu, au ina uwezo mmoja unaogawanywa na kupungua makali vitu vinapoongezeka. Wanachokubaliana ni kwamba akiba yenyewe ni ndogo.

Jambo hili linanigusa zaidi ninapofikiria barabara zetu. Dereva anayetoka njia ndogo kuingia barabara kuu hutazama kulia: basi, lori, mama mwenye mzigo, bodaboda nyuma ya lori. Hugeuka kushoto kukagua upande wa pili, na huko nako kuna magari, mikokoteni na watoto wa shule. Anapokanyaga mafuta, ile picha ya kulia imeshafutika, na vichache alivyobaki navyo vimeshahama mahali. Bodaboda huenda isiwe miongoni mwavyo. Akisema baadaye kwamba hakuiona, tusikimbilie kumwita mwongo. Jicho lake huenda liliipokea, akili isiihifadhi.

Hilo halimwondolei dhamana. Linaonyesha tu kwamba kutazama mara moja hakutoshi, hata kwa dereva mzoefu mwenye macho mazima. Wewe unayeshika usukani, ukishatazama kushoto, geuza tena shingo kulia kabla gari halijasogea. Nawe wa bodaboda, usijifiche nyuma ya lori ukidhani umeshaonekana.