Kifaranga Anayetembea Bado ni Mtoto

Ndugu msomaji, asubuhi moja unaamka na kusikia sauti ndogo nyuma ya jiko. Kuku wako ametotoa. Unahesabu vifaranga, unakuta ni kumi. Watoto wa nyumbani wanafurahi. Mwezi mmoja baadaye unahesabu tena. Wamebaki watatu. Mmoja alichukuliwa na mwewe. Wawili walilowa mvua wakafa usiku. Mmoja alikanyagwa. Wengine watatu hujui walikokwenda.

Hapa Mofu, na katika vijiji vingine vya Bonde la Kilombero, jambo hili tumelizoea. Watu husema, "Ndiyo bahati ya kuku." Lakini si bahati. Vifaranga wengi hufa kwa sababu zinazojulikana, na sababu nyingi tunaweza kuziondoa kwa mikono yetu wenyewe.

Hebu tufanye hesabu

Tuseme kuku wako anatotoa mara 3 kwa mwaka, na kila mara anapata vifaranga 10. Kwa mwaka ni vifaranga 30. Wakibaki 3 kila mara, mwisho wa mwaka una kuku 9. Wakibaki 7 kila mara, una kuku 21. Tofauti ni kuku 12.

Hukununua kuku mwingine. Umetunza tu wale waliozaliwa kwako. Kuku 12 ni sare na madaftari ya mtoto wa shule. Ni nauli ya kumpeleka mgonjwa Ifakara. Ni kitoweo cha mgeni bila kukopa.

Kifaranga na kinda la njiwa

Umewahi kuchungulia kiota cha njiwa? Njiwa hutaga mayai mawili. Dume na jike hupokezana kuyalalia kwa siku 18 hivi. Kinda hutoka macho yamefumba, mwili karibu uchi. Hawezi kusimama. Wazazi wote wawili humlisha uji mzito unaotoka katika mfuko wa chakula ulio shingoni mwao. Mtu akimwona kinda huyo husema, "Huyu ni mtoto mchanga," na hamgusi.

Kifaranga wa kuku ni tofauti. Hutoka macho yamefumbuka, amevaa manyoya laini. Akikauka tu, anasimama. Siku ya pili anadonoa. Kwa hiyo sisi hudhani kwamba anaweza kujitegemea. Tunamwachia mama yake, naye mama anamzungusha kijiji kizima siku nzima.

Hapo ndipo tunapokosea. Manyoya yale laini hayazuii mvua wala baridi. Mwili wa kifaranga hauwezi kujitunzia joto mpaka aote manyoya ya kweli, yaani baada ya majuma matatu au manne hivi. Anatembea, lakini bado ni mtoto mchanga.

Anza kabla ya kutotoa

Kifaranga mzuri hutoka katika yai zuri. Mayai ya kulaliwa yasikae zaidi ya siku 10 tangu yatagwe. Yaweke mahali pa ubaridi, upande mnene ukiwa juu. Usichague mayai yenye ufa, wala madogo sana. Mpe kuku mayai 10 hadi 13, kwa kadiri anavyoweza kuyafunika. Ukimzidishia, yale ya pembeni hupoa.

Tengeneza kiota mahali penye giza kidogo na pasipopita watu. Nyunyiza majivu chini, kisha weka majani makavu. Majivu hupunguza utitiri. Kuku anayesumbuliwa na utitiri huacha mayai akakimbia. Weka maji na chakula karibu, ili asiende mbali.

Siku ya 7, usiku, chukua yai moja moja ulimulike kwa tochi. Ukiona mishipa myekundu kama mizizi, yai lina kifaranga. Ukiona jeupe tupu, halina. Liondoe. Pima tena siku ya 14. Mayai viza yakipasuka kiotani huchafua yale mazima.

Siku ya 21

Yai la kuku hulaliwa siku 21. Siku hiyo utasikia sauti ndani ya yai, kisha utaona tundu dogo. Usiwe na haraka. Kifaranga anaweza kuchukua saa nyingi kabla ya kutoka. Usimbandulie ganda. Damu iliyo katika utando wa yai bado inarudi mwilini mwake, na kiini cha njano kinaingia tumboni. Ukimtoa mapema atavuja damu na kufa.

Kiini hicho ndicho chakula chake cha kwanza. Kinaweza kumtosha kwa siku mbili hivi. Kwa hiyo usihangaike akikaa siku ya kwanza bila kula. Anachohitaji siku hiyo ni joto la mama yake na utulivu. Wakikauka wote, wape maji kwanza, halafu chakula.

Majuma manne ya kwanza: wakae tengani

Hili ndilo jambo kubwa katika somo letu. Kwa majuma manne ya kwanza, mama na vifaranga wake wasizurure. Wakae ndani ya tenga.

Tenga unaweza kulisuka mwenyewe kwa mianzi, matete au fito. Liwe pana, ili mama aweze kusimama na kugeuka. Matundu yawe madogo, kifaranga asipenye. Mchana liweke kivulini, mahali pakavu. Kila siku lihamishe hatua chache, ili wakae juu ya udongo safi. Mama unaweza kumfungulia kidogo akanyooshe miguu na kujichovya vumbini. Wakati huo vifaranga wabaki wamefunikwa.

Usiku waingize ndani. Tandaza makapi makavu ya mpunga. Hapa kwetu makapi hayanunuliwi, yamejaa mashineni. Yakilowa yatupe, uweke mengine. Wakati wa masika, wakati udongo wa Mofu umejaa maji, inua tenga juu ya kichanja. Kifaranga aliyelala juu ya unyevu haoni asubuhi.

Ukifika mwisho wa juma la nne, mtenge mama. Vifaranga wameshaota manyoya. Mama akiachana nao mapema, hurudi kutaga mapema.

Chakula na maji

Kifaranga mdogo hali punje nzima. Mpe chenga za mchele, au mahindi yaliyoparazwa. Hivyo humpa nguvu. Lakini chakula cha nguvu peke yake hakimkuzi. Anahitaji pia chakula cha kujenga mwili. Twanga dagaa au vichwa vya samaki waliokaushwa, uchanganye kidogo. Mto Kilombero unatupatia samaki, basi tusitupe mabaki yote.

Mchwa nao ni chakula kizuri sana. Chukua chungu kikuukuu. Kijaze mabua na samadi kavu, unyunyize maji. Kifunike kifudifudi jioni juu ya tundu la mchwa. Asubuhi na mapema kifunue, utakuta mchwa wamejaa. Wamwage mbele ya vifaranga. Ongeza majani mabichi yaliyokatwa vizuri, kama mchicha au matembele.

Maji yawe safi, na yabadilishwe kila siku. Yaweke katika sahani ya chini, na ndani yake uweke mawe madogo. Hivyo vifaranga watakunywa bila kuzama wala kulowa.

Maadui

Mwewe na kunguru huja mchana. Kicheche na nyoka huja usiku. Kenge hutoka mtoni na mabondeni, hula mayai na vifaranga pia. Tenga lenye mfuniko mzito huwazuia wengi wao. Fyeka majani yanayozunguka nyumba, ili adui asipate pa kujificha.

Kuna adui mwingine mdogo, lakini mkali: siafu. Huja zaidi wakati wa mvua. Ukiona mstari wao unaelekea bandani, usingoje kuche. Hamisha tenga palepale. Siafu wakiingia, vifaranga hawana pa kukimbilia.

Magonjwa

Ugonjwa unaomaliza kuku vijijini ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Kuku husinzia, hushusha mabawa, hupumua kwa shida na huharisha kijani. Wengine hupinda shingo. Ukiingia kijijini, unaweza kufagia banda zima kwa siku chache. Hauna dawa. Usidanganywe na mtu anayeuza dawa ya kuuponya.

Lakini mdondo una kinga. Ni chanjo ya matone. Ile iitwayo I-2 hutengenezwa hapa hapa Tanzania, na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Chanjo hiyo huvumilia joto kuliko chanjo nyingi nyingine. Hata hivyo isiachwe juani. Ifunge kwa kitambaa chenye maji na uibebe kivulini. Kila kuku, mkubwa kwa mdogo, hupewa tone moja katika jicho moja. Rudia kila baada ya miezi mitatu.

Kumbuka: chanja kuku wakiwa wazima. Ukingoja mpaka kuku wa jirani waanze kufa, umechelewa. Chupa moja hutosha kuku wengi, kwa hiyo inafaa majirani mchange fedha, mmwite mtaalamu wa mifugo, mchanje siku moja. Ukichanja wewe peke yako, ugonjwa utaendelea kuzunguka kijijini.

Ugonjwa wa pili ni ndui ya kuku. Huleta vipele kichwani, katika upanga na machoni. Kifaranga akifumba macho kwa vipele, hali, hufa njaa. Mbu ni mmoja wa wanaoueneza, na bonde letu lina mbu wengi. Ndui pia ina chanjo yake, huchomwa katika ngozi ya bawa. Muulize mtaalamu.

Ugonjwa wa tatu ni kuhara damu. Vijidudu vyake hupenda unyevu. Sakafu kavu ni kinga ya kwanza. Ukiona damu katika kinyesi, tenga walio wagonjwa na umwone mtaalamu upesi, kwa sababu ugonjwa huu una dawa.

Ukienda shambani

Msimu wa mpunga, baadhi yetu huhama nyumba za kijijini na kukaa mashambani kwa miezi. Kuku wakibaki peke yao, hakuna wa kuwafungia usiku. Ukirudi unakuta manyoya tu.

Basi panga mapema. Kama familia nzima inahama, usimruhusu kuku kulalia mayai majuma ya mwisho kabla ya safari. Kama ameshatotoa, wabebe mama na vifaranga katika tenga, asubuhi kabla ya jua kali. Kama kuna mzee anayebaki nyumbani, mwachie kazi hiyo, na mwachie chakula cha kuku pia. Ukirudi mgawie kuku wake. Kazi isiyo na ujira huchosha.

Mwisho

Ndugu msomaji, huhitaji banda la matofali ili kuokoa vifaranga. Tenga moja, makapi ya mpunga, sahani ya maji, chungu cha mchwa na tone la chanjo vinatosha kuanzia. Kubwa zaidi ni kukumbuka kwamba kifaranga anayetembea bado ni mtoto. Safari ijayo kuku wako akitotoa, andika idadi ya vifaranga katika daftari lako. Baada ya mwezi mmoja hesabu tena, uandike. Namba hizo mbili zitakuonyesha umefanya kazi gani.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kuna tofauti gani kati ya kinda la njiwa na kifaranga wa kuku?
2. Kwa nini tusimsaidie kifaranga kutoka katika ganda?
3. Kuku wa mama mmoja ametotoa mara 3 kwa mwaka, kila mara vifaranga 11. Kila mara wamekufa 4. Amebaki na wangapi?
4. Majirani wa darasa hili wana kuku wangapi kwa jumla? Pangeni siku ya kuwachanja.
5. Wakati wa kuhamia mashambani, ninyi huwafanyaje kuku wenu? Nini kinaweza kubadilishwa?