Je, Wajua? Nyamagana, jimbo lisilotishwa na uwaziri

Panda daladala ya Buhongwa katikati ya Jiji la Mwanza, kaa dirishani. Konda atakuitia vituo kimoja kimoja: Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, Mkolani. Mawe makubwa yamebebana vilimani na nyumba zimejibana katikati yake. Ukishuka Mkolani umeshaliacha soko, bandari na maghorofa, lakini mbunge wako ni yule yule wa mwenye duka kule mjini. Hilo ndilo jimbo la Nyamagana, na siasa zake zina mambo ambayo hata wenyeji wengi hawayajui.

Je, wajua kwamba jimbo hili lina kata 18? Mkolani ni mojawapo. Nyingine ni kama Pamba, Mirongo, Igogo, Mabatini, Isamilo, Igoma, Kishili, Luchelele na Lwanhima. Upande wa pili wa jiji ni Ilemela, jimbo lenye kata 19, ambalo tangu 2012 lina manispaa yake. Kwa hiyo mtu anaposema "mbunge wa Mwanza mjini", muulize kwanza: yupi?

Je, wajua kwamba TANU iliwahi kuzuiwa huku? Chama kilizaliwa Julai 1954, na kabla mwaka haujaisha serikali ya kikoloni ilikuwa imeyanyima usajili matawi yake katika Jimbo la Ziwa, ambamo Mwanza ilikuwemo. Zuio hilo lilidumu hadi 1958. Lakini watu hawakukaa kimya. Walipitishia madai yao kwenye vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba, na mwaka huo huo wa 1958 wananchi wa Geita walimiminika Mwanza kwa miguu kupinga baraza la wilaya lililochanganya wajumbe wa rangi zote wakati Waafrika ndio waliokuwa wengi mno. Leo anayetoka Geita kwa barabara ya Busisi hupita Mkolani akiwa ndani ya gari.

Je, wajua kwamba kulikuwa na uchaguzi ambao mtu mmoja alipiga kura tatu? Ilikuwa 1958 na 1959. Mpiga kura alipaswa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, apende asipende. Na si kila mtu aliruhusiwa: kilitazamwa kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu, au wadhifa. Wengi ndani ya TANU walitaka kuususia. Mwalimu Nyerere akawashawishi wenzake Tabora, Januari 1958, wauingie hivyo hivyo, na wakashinda. Ndio ule unaoitwa Uamuzi wa Busara.

Je, wajua kwamba Waziri wa Fedha aliwahi kuangushwa na wapiga kura wa Usukumani? Mwaka 1965, chini ya chama kimoja, wagombea wawili wa TANU walipambanishwa karibu katika kila jimbo. Kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma, mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Paul Bomani hakuwa mtu wa kubahatisha. Ndiye aliyeongoza kuanzishwa kwa Victoria Federation of Cooperative Unions mwaka 1955, muungano mkubwa wa ushirika wa pamba, na tangu 1962 alikuwa ameshika hazina ya nchi. Kura zikahesabiwa, akabwagwa. Nyerere alimrudisha bungeni kwa uteuzi, lakini Wizara ya Fedha ikaenda kwa Amir Jamal. Wakulima walikuwa wamesema neno lao.

Je, wajua kwamba historia ilijirudia mwaka 2010? Lawrence Masha, mbunge wa Nyamagana tangu 2005, alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, wizara yenye polisi. Alishindwa na Ezekia Wenje wa CHADEMA. Ng'ambo ya pili, Ilemela, Anthony Diallo, aliyewahi kuwa waziri na ambaye ndiye mwanzilishi wa Star TV na Radio Free Africa, naye aliangushwa na Highness Kiwia wa chama hicho hicho. Jiji zima likahamia upinzani kwa uchaguzi mmoja. Kumiliki redio ni jambo moja, kura ni jambo jingine.

Je, wajua kwamba mahasimu wa 2010 walikuja kuwa wagombea wa upande mmoja? Masha alihamia CHADEMA Agosti 2015. Aprili 2017 chama hicho kikapeleka majina mawili bungeni kuwania Bunge la Afrika Mashariki: Wenje na Masha! Wabunge wakawakataa wote wawili. Mwaka haujaisha, Novemba, Masha akarudi CCM. Wahenga walishasema, katika siasa hakuna adui wa kudumu, na Nyamagana ina ushahidi wake.

Je, wajua kwamba mwaka 2015 jiji lilipata akina Mabula wawili? CCM ililikomboa Nyamagana kupitia Stanslaus Mabula, aliyekuwa meya wa jiji, na Ilemela kupitia Angeline Mabula, aliyekuja kuwa Waziri wa Ardhi. Mabula ni jina la Kisukuma linalotokana na *mbula*, yaani mvua. Unaweza kusema mwaka ule mvua ilinyesha pande zote mbili za jiji.

Je, wajua kwamba Nyamagana imekaribia kabisa kipimo cha kugawanywa? Sensa ya 2012 ilihesabu watu 363,452. Ile ya 2022 ikakuta 594,834, ongezeko la watu 231,382 kwa miaka kumi tu. Kuelekea uchaguzi wa 2025, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitaja kipimo cha watu 600,000 kwa majimbo ya mjini na 400,000 kwa ya vijijini. Majimbo mapya manane yakatangazwa, yakiwemo Katoro na Chato Kusini huko Geita, na jumla ikafika 272. Nyamagana haikuguswa. Kwa hesabu ya sensa, ilipungukiwa na watu 5,166. Ukitazama viwanja vinavyopimwa na misingi inayochimbwa kila wiki kuanzia Mkolani hadi Buhongwa, utaona pengo hilo si la kudumu.

Basi ukiyaweka yote pamoja, somo ni moja. Mpiga kura wa Mwanza haangalii bendera kwenye gari la mgombea. Aliyekuwa na hazina alianguka, aliyekuwa na polisi alianguka, aliyekuwa na redio alianguka. Na wewe wa Mkolani, kabla hujabishana kijiweni nani anafaa, nenda kahakiki jina lako kwenye Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Ubishi wa kijiweni hauhesabiwi kituoni.