Kifafa cha Mimba: Presha, Mkojo na Damu Hutuonya Mapema



Tunamkumbuka mwenzetu mmoja, mchuma chai, aliyekuwa na mimba yake ya kwanza ya miezi minane. Kwa siku tatu alilalamika kuumwa kichwa, na kwamba macho yake yanaona vimulimuli. Nyapara alimjibu kuwa mimba si ugonjwa, aendelee kuchuma. Sisi wenzake nasi hatukujua. Tulimshauri anywe chai ya moto akalale. Usiku wa nne alianguka, akakakamaa na kutetemeka mwili mzima. Wengine walisema ni mashetani. Alipofikishwa hospitali mama aliokoka, lakini mtoto hakuokoka. Daktari alituuliza swali moja tu: mara ya mwisho alipimwa presha lini? Hakuna aliyeweza kujibu. Kadi yake ya kliniki ilikuwa na alama ya siku moja tu, ya mwezi wa nne, maana kila siku ya kwenda kliniki ilikuwa siku ya kukosa ujira.

Kwa sababu hiyo tumeona inafaa tueleze ugonjwa huu, na hasa alama zake zinazoonekana katika vipimo kabla mama hajaanguka.

UGONJWA HUU NI NINI?

Kifafa cha mimba hakitokani na mashetani, wala si kifafa cha kawaida. Ni mwisho mbaya wa ugonjwa unaoanza kimya kimya, ambao madaktari huuita priklampsia. Kwa kawaida huanza baada ya wiki 20 za mimba, na huweza kutokea hata katika wiki chache baada ya kujifungua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya wajawazito 100, wapatao 3 hadi 8 huupata.

Chanzo chake kinahusiana na kondo la nyuma. Kondo ndilo linalompatia mtoto chakula na hewa kutoka katika damu ya mama. Ikiwa mishipa ya damu inayolilisha kondo haikupanuka vizuri tangu mwanzo wa mimba, kondo hupata damu kidogo. Hapo hutoa vitu vinavyoingia katika damu ya mama na kudhuru kuta za mishipa yake mwili mzima. Mishipa hubana na presha hupanda. Figo huvuja, ini huumia, na ubongo ukidhurika, degedege hutokea.

ALAMA YA KWANZA: PRESHA

Mashine ya kupimia presha hutoa namba mbili. Ya juu ni nguvu ya damu wakati moyo unaposukuma. Ya chini ni nguvu yake moyo unapopumzika. Mjamzito aliyepita wiki 20, ambaye hapo awali presha yake ilikuwa ya kawaida, akipimwa mara mbili kwa nafasi ya saa nne au zaidi na namba zikawa 140 kwa 90 au kupita, hiyo ni hatari. Zikifika 160 kwa 110, ni hatari kubwa, naye atibiwe siku hiyo hiyo.

Presha haina maumivu. Mama anaweza kuwa na 150 kwa 100 na bado akabeba kikapu chake asubuhi kama kawaida. Kwa hiyo kujisikia mzima si kipimo.

ALAMA YA PILI: MKOJO

Mwaka 1843 daktari John Lever wa hospitali ya Guy's, London, alichemsha mkojo wa wanawake waliopatwa na kifafa cha mimba. Mkojo uliganda, kama ute wa yai ugandavyo sufuriani. Kilichoganda kilikuwa protini, ambayo figo zenye afya huizuia isitoke katika damu. Leo hatuhitaji kuchemsha. Mkunga huchovya kijiti chembamba katika mkojo, na baada ya muda mfupi rangi yake hubadilika kama protini ipo.

Hata hivyo, alama hii peke yake haitoshi. Ugonjwa wa njia ya mkojo nao huweza kutoa protini. Na wapo wanawake wenye priklampsia ambao mkojo wao hauna protini. Ndiyo maana siku hizi madaktari huangalia pia damu: kama chembe zinazosaidia kugandisha damu zimepungua chini ya 100,000 katika tone dogo la milimita moja ya ujazo, na kama ini na figo zinafanya kazi yake.

ALAMA MPYA: PROTINI ZA KONDO

Alama hizo zote huonekana ugonjwa ukiwa umeshaingia. Je, hauwezi kujulikana mapema zaidi? Mwaka 2003 watafiti wa Boston, Marekani, akiwamo daktari Ananth Karumanchi, walieleza jambo kubwa. Kondo hutoa protini moja inayosaidia mishipa ya damu kukua na kuwa na afya, iitwayo kwa kifupi PlGF. Hutoa pia nyingine, sFlt-1, ambayo huikamata ile ya kwanza na kuizuia isifanye kazi. Katika priklampsia, ile inayokamata huwa nyingi mno, na ile inayosaidia hupungua. Mwaka 2004 ilionekana kuwa sFlt-1 huanza kuongezeka katika damu kama wiki tano kabla ugonjwa haujajitokeza.

Kutokana na ujuzi huo kikatengenezwa kipimo cha damu kinacholinganisha protini hizo mbili. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kwa mama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa, hesabu ya sFlt-1 ikigawanywa kwa ile ya PlGF ikatoa 38 au chini yake, ni nadra ugonjwa kutokea katika wiki moja ijayo. Mama huyo anaweza kufuatiliwa akiwa nyumbani, na kitanda kikabaki kwa mwenye hatari zaidi. Marekani iliidhinisha kipimo cha namna hii mwaka 2023.

Mwaka 2017 utafiti mwingine ulitumia PlGF pamoja na presha kuwatafuta wenye hatari mapema, mimba ikiwa ya miezi mitatu. Wanawake 798 walipewa aspirini kidogo kila usiku, na 822 vidonge visivyo na dawa. Waliopata priklampsia na kulazimika kujifungua kabla ya wiki 37 walikuwa 13 katika kundi la kwanza na 35 katika la pili. Lakini tuangalie sana: aspirini isimezwe bila agizo la daktari.

Vipimo hivi vipya vinahitaji maabara na fedha, na zahanati nyingi za mashambani hazinavyo. Tuvidai, lakini tusivingoje. Mashine ya presha na vijiti vya mkojo ni vitu vya bei ndogo, na vingetosha kumwonya mwenzetu yule.

TIBA IPO

Ugonjwa huisha mtoto na kondo vikishatoka, ingawa mama huhitaji kuangaliwa kwa wiki kadhaa. Hadi wakati huo zipo dawa za kushusha presha, na ipo sindano ya magnesiamu salfeti. Utafiti wa mwaka 2002 katika nchi 33, uliohusu wanawake zaidi ya 10,000, ulionyesha kwamba sindano hiyo hupunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu.

WAJIBU WETU

Hapa Uganda Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mama siku 60 za kazi za likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Lakini likizo hiyo haimsaidii aliyekosa kupimwa katika mwezi wa saba. Pendekezo namba 191 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2000, linasema mwanamke aruhusiwe kutoka kazini kwenda kupimwa mimba yake, akiisha kumwarifu mwajiri. Kwa hiyo kila tawi lipeleke kwa mwajiri madai haya:

1. Siku ya kliniki isikatwe ujira wala kuhesabiwa utoro.
2. Zahanati ya shamba au kiwanda iwe na mashine ya presha inayofanya kazi na vijiti vya mkojo.
3. Mjamzito apewe kazi nyepesi, asiwekwe zamu ya usiku.
4. Pawepo gari la kumpeleka mgonjwa hospitali, hata usiku wa manane.

Nasi wenyewe tujue dalili za hatari: kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, uso na mikono kuvimba ghafla, na kupumua kwa shida. Mwenye mimba ya kwanza, ya mapacha, au aliyewahi kuugua hivi, aangaliwe zaidi. Ukimwona mwenzako na mojawapo ya dalili hizi, weka kikapu chini umpeleke akapimwe. Nyapara akikataa, mwite mjumbe wa chama papo hapo. Kilo za majani zilizopotea leo zinaweza kuchumwa kesho.