Tijara ya Chipu Rahisi Mjini Bujumbura

Mkazi wa Bujumbura abonyezaye tarakimu 20 za Cash Power ili apate umeme wa Regideso, na mchuuzi wa Buyenzi awashaye taa ya sola giza liingiapo, wote wawili hutumikiwa na mashine ya hesabu isiyozidi punje ya choroko, ambayo mafundi huiita mikrokontrola, na ambayo thamani yake ni hafifu hata hati za mzigo ushushwao Dar es Salaam aghalabu haziitaji.

Ustadi wa chipu hizi ni kulala. MSP430 ya Texas Instruments, iliyobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa kuzikusudia hasa mita, huamka kitambo, ikahesabu, kisha ikalala tena kwa umeme wa sehemu chache za milioni ya ampea, na kwa sababu hiyo betri ndogo huihudumia miaka mingi. Kubana matumizi, hata hivyo, kuna gharama zake: tarakimu za umeme za mita zifuatazo utaratibu wa STS, uliozaliwa Afrika Kusini, zilibeba hesabu ya dakika tangu 1993 katika nafasi isiyopokea zaidi ya dakika 16,777,216, nayo ikajaa tarehe 24 Novemba 2024, na kabla ya siku hiyo iliwabidi wateja wa umeme wa LUKU nchini Tanzania kuingiza makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya moja.

Kilicho ghali Bujumbura ni dola, wala si chipu. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga, dola ikatoka takriban 2,100 hadi zaidi ya 2,800, na sokoni nje ya benki bei ni ya juu zaidi. Basi mwagizaji, kwa dhiki hiyo, huchukua taa iliyo rahisi kupita zote, bila ya kuuliza tumboni mwake mna nini.

Na humo ndimo ilimo hasara. Chipu ya Padauk ya Taiwan, iliyopata sifa kwa kuuzwa takriban senti 3 za Marekani, huandikwa programu mara moja tu, haifutiki. Fundi aweza kubadili betri, swichi na waya wa paneli, lakini chipu ya namna hiyo ikifa hana budi kubandua nyingine katika taa mbovu ya kiwanda kile kile, kama akibahatika kuipata. Mwaka 2022 Wachina wa WCH walianza kuuza CH32V003 chini ya senti 10, nayo huandikika tena na tena; kwa rai yangu tofauti hiyo ya takriban senti saba haimfilisi mwagizaji yeyote, ila chipu pasipo nakala ya programu haimfai fundi kitu, na kiwanda hakiitoi nakala hiyo kwa mnunuzi wa katoni mbili. Mwenye nguvu ya kuidai ni mnunuzi mkubwa, mathalan mradi wa SOLEIL, uliopewa na Benki ya Dunia ruzuku ya dola milioni 100 mwaka 2020 ili kueneza sola mashambani, na mahali pa kuidai ni katika hati ya zabuni, kabla fedha hazijatoka.